Namba Saba Bado Haijaitwa

Alhamisi, Kagongwa. Jua limewaka tangu asubuhi bila wingu hata la kusingizia, na mimi nina pumba za mpunga kwenye nywele, masikioni na ndani ya blauzi. Nimeoga mara mbili. Bado zinawasha.

Nitaeleza zilivyofika huko. Lakini kwanza nikiri jambo ambalo kwa siku kumi na tisa nimelificha hata hapa, mahali ninapojidai kuandika ukweli.

Nina wivu.

Si wivu wa mume. Baba Minza alikwenda machimboni Geita miaka kumi na miwili iliyopita, akapata dhahabu kidogo na mke mwingine, na hayo nilishamaliza kuyalilia. Huu ni wivu wa breki. Ninamwonea wivu mwanamke mwenzangu kwa sababu akikanyaga pedeli, gari lake linasimama.

Kwa mgeni wa blogu hii: nilianza kuuza mchele kwa kisado, kindoo kidogo cha kupimia, nikizunguka na baiskeli ya kuazima. Mwaka jana nikanunua pikapu mpya kutoka kwa wakala mmoja wa magari mjini Kahama, mwanamke wa kwanza sokoni kwetu kufanya hivyo. Nilikaa na sifa hiyo siku nne kamili. Siku ya tano Mama Rehema, ambaye ghala lake la mchele linatazamana na langu, akaja na ileile. Rangi ileile. Nikameza mate, nikampa pongezi.

Siku sitini na moja zilizopita tukapata ujumbe wa simu sote wawili. Kiwanda kimegundua kasoro kwenye masta silinda, kile kifaa kinachosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni. Wenye magari wajiandikishe kwa wakala, spea zikifika watabadilishiwa bure. Mimi nilifika Kahama siku hiyohiyo kabla ya saa sita, nikaandikwa namba saba. Mama Rehema alikwenda kesho yake baada ya kusuka nywele, akaandikwa namba kumi na moja.

Saba hutangulia kumi na moja. Hata mtoto wa chekechea anajua.

Sasa, daftari la foleni pale gereji ya wakala analishika Maduhu. Na Maduhu ndiye aliyemposa binti yangu Minza, anayesomea uuguzi Mwanza. Alileta watu wake nyumbani miezi mitatu iliyopita. Kwetu Usukumani mwanamume akishaposa hamtazami mama mkwe usoni, hali naye sahani moja, hamzungumzishi ovyo. Siku hizi wengi wamelegeza. Mkwe wa Mama Rehema anaingia mpaka jikoni kwake na kufunua sufuria. Mimi sikutaka hayo. Siku ya posa nilisema mbele ya wageni, kwa sauti ya kutosha kumfikia Mama Rehema aliyekuwa anagawa soda, kwamba kwangu heshima ipo palepale: mkwe akiwa na neno nami, apitie kwa kaka yangu Masanja. Wazee wakanisifu. Nilitembea na sifa hizo wiki nzima.

Basi nikawa nasubiri. Katika siku arobaini za mwanzo nilikwenda gereji mara tatu. Kila nikiingia, Maduhu anapotelea nyuma ya rafu za matairi, na dada wa mapokezi ananiambia spea hazijafika, zikifika Maduhu atawajulisha watu mmoja mmoja.

Huku nyuma breki zinakwisha. Mimi si mtu wa kusema "naona kama." Nilipima. Uwanja wa mpira, gari tupu, mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, nakanyaga breki nikifika kwenye jiwe nililolipaka chokaa, kisha nateremka kuhesabu hatua. Wiki ya kwanza, hatua tisa. Wiki ya tano, kumi na nne. Jumapili iliyopita, ishirini na moja. Pedeli nayo, iliyokuwa inashika kwa kukanyaga mara moja, ikawa inataka mara tatu. Fundi wa hapa Kagongwa alitoa upepo kwenye mabomba ya breki, ikatulia siku tano, ikarudi kulekule. Alitaka kuifungua masta silinda yenyewe nikamzuia, kwa kuwa wakala alishatuonya: ikiguswa na mtu mwingine, tusimdai tena.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuegesha. Nilijiona mwenye busara. Niliacha safari za Katoro, nikapunguza mzigo kutoka magunia kumi hadi matano, nikabaki na mizunguko ya ghalani na mashine ya kukobolea tu. Mwendo wa kobe. Kumbe kobe naye huhitaji kusimama.

Siku ya arobaini na mbili nikaenda Kahama mara ya nne.

Pikapu ya Mama Rehema ilikuwa juu ya jeki, boneti wazi, fundi anafunga masta silinda mpya inayong'aa kama sufuria ya harusi. Mama Rehema amekaa kwenye kiti cha plastiki na soda mkononi. Maduhu amesimama mbele yake, anacheka. Anacheka mpaka anashika mbavu. Mkwe wangu huyu, ambaye mimi sijawahi kuyaona meno yake.

Aliponiona akakata kicheko, akainamisha kichwa, akaingia nyuma ya rafu.

Mtu anayekukimbia kwa heshima na mtu anayekukimbia kwa hatia, mgongo wao ni uleule. Sikumuuliza yeyote kitu. Niligeuza gari na njia nzima nikawa napiga hesabu: spea yangu amepewa namba kumi na moja, na Mama Rehema ana binti wa pili ambaye bado hajaposwa. Nilifika Kagongwa nimeshamvunjia Minza uchumba kichwani mwangu.

Tangu siku hiyo sikukanyaga tena gereji. Minza alinipigia mara mbili kutoka chuoni, akaanza, mama, Maduhu anasema... Mara zote mbili nilimkatisha. Kama ana la kusema, nikamwambia, anajua pa kupitia.

Na kila asubuhi Mama Rehema anakuja na pikapu yake, anaikimbiza mpaka karibu na mlango wa ghala langu, anakanyaga, inasimama tuli. Anateremka na kanga begani kama mgeni rasmi. Juzi aliniuliza mbele ya wapakiaji, "Mama Minza, gari lako bado linasali kwanza ndipo lisimame?" Wakacheka. Nikacheka nao.

Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa nyumba, kwa elimu, hata kwa mume. Sikujua mtu anaweza kuonea wivu taa nyekundu za nyuma za gari.

Leo saa nne nilitoka ghalani kwenda kukoboa, magunia matano ya mpunga nyuma. Mbele yangu, Mama Rehema. Karibu na mashine, ng'ombe wakaingia barabarani, kama thelathini hivi, wanatoka kunyweshwa. Taa zake zikawaka, pikapu yake ikasimama. Nikakanyaga. Laini. Nikakanyaga mara ya pili. Laini. Ya tatu mguu ulifika sakafuni kana kwamba nimekanyaga uji.

Mbele yangu gari lake. Kulia ng'ombe na mchungaji wao. Kushoto mashine ya kukobolea, na kando yake kile kilima cha pumba ambacho kila siku tunamlalamikia mwenye mashine akiondoe. Nikavuta handibreki, nikakata kushoto.

Pikapu ikazama kwenye pumba mpaka usawa wa vioo. Pakawa kimya. Kisha zikaanza kuingia dirishani taratibu, kama mtu ananifunika shuka.

Sikuumia. Hakuna aliyeumia. Naiandika tena: hakuna aliyeumia.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Mama Rehema. Alifukua mlango kwa mikono, kanga ikabaki humo kwenye pumba, akanivuta nje na kunipapasa kichwa na mbavu kama anayekagua mbuzi mnadani. Nilikuwa nasubiri neno la kunichoma. Badala yake akaniuliza, huku anahema, kwa nini sijaenda kubadilishiwa, nangoja nini. Nikamjibu kwa ule wivu uliokuwa umebaki mdomoni pamoja na pumba: amuulize Maduhu wake.

Akampigia palepale na kuweka spika. Maduhu akapokea kwa shikamoo mama ya uchangamfu, ileile sauti ya kucheka. Mama Rehema akamuuliza spea ya Mama Minza iko wapi.

"Iko hapa kabatini, mama, nimeiandika namba saba. Zilikuja pamoja na yako. Siku ileile nilimpigia mjomba Masanja, akasema atamwambia dada yake alete gari."

Kaka yangu Masanja. Siku hiyo kaka yangu alisikia kuna rashi upande wa Bukombe, yaani dhahabu mpya imeonekana na wachimbaji wanaikimbilia, akaondoka na sururu yake. Simu yake haijapatikana tangu wakati huo. Na mimi nilijua haipatikani. Niliona tu kwamba hakuna la haraka.

"Sasa wewe mbona hukumpigia mwenyewe?" Mama Rehema akauliza.

"Mama, yule ni mkwe wangu. Alisema mbele ya wazee. Nimemtuma Minza mara mbili, mama hataki kusikia. Nimpigie kwa mdomo upi?"

"Basi yuko hapa, anakusikia."

Simu ikakatika.

Wapakiaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mchungaji wa ng'ombe, ambaye hakuwa anajua habari yoyote, naye akacheka. Baada ya dakika chache ujumbe ukaingia kwenye simu ya Mama Rehema, akanisomea: Mpe mama shikamoo yangu. Gari lisisogee hata hatua moja. Kesho saa mbili naleta spea na fundi hapohapo. Naomba mama akae upande wa pili wa gari.

Nikamwambia aandike marahaba. Akaandika.

Nimekaa jioni hii na kalamu. Siku sitini na moja. Arobaini na mbili ni za kiwanda na wakala, na hizo sizisamehe. Mtu hawezi kuuziwa gari lenye kasoro ya breki kisha akaambiwa asubiri kama anayesubiri mvua. Nikitulia nitawaandikia, na zile hatua zangu za uwanjani nitaziambatisha.

Lakini kumi na tisa ni zangu.

Siku kumi na tisa masta silinda imelala kabatini, dakika ishirini kutoka hapa, ina namba yangu, nami niko uwanjani nahesabu hatua. Ningemwacha Minza amalize sentensi moja tu. Ningemuuliza dada wa mapokezi swali moja tu. Wivu haukuniruhusu kuuliza, kwa kuwa ulikuwa na majibu yake tayari.

Na kile kicheko nimekitafakari upya. Maduhu anacheka na Mama Rehema kwa sababu Mama Rehema si mtu wake. Mimi ananikimbia kwa sababu mimi ni mama yake. Kumbe muda wote huu nilikuwa naonea wivu kiti cha mgeni.

Je, wivu umekwisha? Nisidanganye. Wakati mwanamke yule ananifukua kwenye pumba, jicho langu lilipita begani kwake likaona pale gari lake liliposimama. Hatua mbili tu kutoka kwa ng'ombe wa mwisho. Nikaumia. Kanga yake nimeifua, nitamrudishia kesho ikiwa imepigwa pasi, na bado nimeumia.

Nimempigia Minza. Safari hii nilimwacha aseme mpaka akamaliza, na alikuwa na mengi. Kisha nikampa uamuzi wangu: heshima ibaki kama nilivyoitangaza, ila mambo ya breki Maduhu anipigie mwenyewe. Minza akaniuliza nani atakuwa anaamua lipi ni jambo la breki na lipi si la breki.

Labda nililotakiwa kujiuliza siku ya posa ni hilo: ile heshima niliitangaza kwa ajili ya Maduhu, au kwa ajili ya masikio ya Mama Rehema?

Saa mbili asubuhi namba saba itaitwa. Nitaweka chai na viazi vitamu kwenye stuli karibu na gari, kisha nitakwenda kukaa kwenye ghala la Mama Rehema mpaka fundi amalize. Baadaye nitalipeleka gari uwanjani kwenye jiwe langu, nami sitaki kusikia zaidi ya hatua tisa.

Na nikimwona Maduhu anateremka na boksi lake, mimi ndiye nitakayegeuka kwanza. Pale kwenye pumba hakuna rafu ya kujificha, na kijana wa watu amekimbia vya kutosha.