Mama, Huyo Baroni Wako

Mama,

Huyo Baroni wako bado yuko ukutani na nishani zake kifuani. Nimemwona Jumamosi. Ulipolazwa nilidhani siku ukiondoka nitaondokana naye. Wapi. Wewe umekwenda, yeye amebaki, na wazee wa ule ukumbi wa Wafini uliokuwa ukiusafisha hapa Saint Paul wameniomba nishike nafasi yako ya kumsimulia.

Nitasema wazi kwa kuwa leo huwezi kunikatiza: nilimwonea wivu. Mtu mzima, naendesha forklift ya kubebea mizigo ghalani Inver Grove Heights, nina mke na mtoto, namwonea wivu Mfini aliyekufa kabla babu yako hajazaliwa. Nilitaka uniambie mara moja tu kwamba na mimi ni mtu wa maana. Hukuniambia.

Ni wewe uliyemleta nyumbani. Mwanzoni ulikuwa unapangusa tu vumbi kwenye picha yake. Kisha Bi Aino, mwenyekiti wao, akakueleza yule ni nani, nawe ukamshika kichwani neno kwa neno, hata wakaanza kukusimamisha kila mwaka kwenye karamu yao usimulie maisha yake. Tangu hapo hatukula kwa amani. Baroni alisoma sheria akiwa kijana mdogo. Baroni aliitwa Saint Petersburg kumtumikia mfalme wa Urusi, maana Ufini wakati ule ilikuwa chini ya Warusi, na huko ikulu hakusahau kwao. Baroni alirudi akawa seneta, na mwaka wa njaa akafungua maghala ya serikali kabla ruhusa haijafika. Baroni aliletewa karatasi ya kuwabana watu wake, akakataa kutia sahihi, akafukuzwa kazi, akaenda zake shambani bila kulalamika. Nami nikichelewa kuamka Jumapili ya kwenda kanisani, unasimama mlangoni: "Baroni ye alikuwa anaamuka mapema. Weye uko unalala tu."

Nilipopata kazi ulisema, "Ni vizuri," ukaendelea kusonga ugali. Nilipopata uraia ulisema, "Mushukuru Mungu." Ndiyo maana sikuwahi kuja kukusikiliza. Ulikuwa ukivaa kitenge chako cha bluu, nakushusha mlangoni pa ukumbi, nageuza gari. Nilisema nawahi kazini. Sikuwa kazini, Mama. Nilikuwa mtaa wa Cedar-Riverside nakunywa chai, nimenuna.

Bi Aino alinitumia kwa WhatsApp sauti yako ya mwaka jana, nijifunze. Nilipaki gari kwenye maegesho ya lile duka kubwa hapa Roseville nikakusikiliza. Kiingereza chako kile cha kupanda mlima. Nililia kidogo, kisha nikaanza kukasirika kama kawaida, Baroni hivi, Baroni vile. Ukafika kwenye majira ya baridi. Ukasema Baroni alipokuwa kijana alimkuta mama mmoja njiani amevaa ndala kwenye theluji, akavua buti zake akampa, akafunga miguu yake kwa mifuko ya plastiki, akatembea hadi nyumbani, akamdanganya mama yake kwamba buti zimeibiwa.

Mifuko ya plastiki, Mama. Wakati wa mfalme wa Urusi.

Yule ni mimi. Baridi yetu ya kwanza hapa, kituo cha treni, yule mama aliyekuwa amefika kutoka kambi ya wakimbizi wiki hiyo hiyo. Nilifika nyumbani sivihisi vidole, ukanigombeza hadi majirani wakagonga ukuta. Uliniita mutoto wa hovyo. Kumbe ulijua. Bila shaka yule mama alikuja kukushukuru, nawe ukanyamaza. Ukachukua kitu kizuri nilichokifanya bila kusukumwa na mtu, ukampa bwana ambaye hana hata nafasi ya nishani nyingine kifuani. Wiki nzima niliibeba hasira hiyo kazini na nyumbani.

Jumamosi nilivaa suti nikasimama chini ya picha. Nilisimulia yote, masomo, ikulu, useneta, ile karatasi. Nilipokaribia theluji nilikuwa nimejiandaa kusema ni mimi. Nikawatazama wale wazee na vikombe vyao vya kahawa, wengine wameshaanza kutabasamu. Mdomo ukakataa. Nikasema, "Baroni."

Ukumbi mzima ukaniangalia miguu.

Bi Aino alinieleza baadaye. Mwaka wa kwanza mtu alikuuliza ile mifuko ilitoka wapi, nawe ukawajibu kwamba yule ni mtoto wako, kwamba ukinisifu mbele yangu kichwa kitavimba, basi umeniweka humo ndani ya Baroni. Kila mwaka walikuwa wanangoja hapo.

Kwa hiyo wazee wote wale walijua. Miaka yote hiyo walikusikia ukinisifu, wakala na keki juu yake, na mimi niko nje nimenuna. Baroni nimemsamehe. Sasa nawaonea wivu wao. Hukunitendea haki, Mama, nami ningeingia hata mara moja ningekusikia kwa masikio yangu. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Jana mjukuu wako Furaha aliosha vyombo bila kuambiwa. Ana miaka sita sasa. Alipanda juu ya kiti, maji yanamtiririka hadi kwenye soksi. Nilisimama nyuma yake moyo umejaa, nikajiambia, haya, mwambie. Nikafungua mdomo, nikajisikia nasema, "Baroni angeosha na sufuria."

Akacheka tu, akaenda kuichukua sufuria. Mimi nilikwenda kukaa bafuni, mlango nimeufunga.

Pumzika, Mama. Leo akitoka shule nitamwambia, uso kwa uso, kwa Kiswahili, hata akinijibu kwa Kiingereza. Nakuahidi. Nitaanza kwa kumtaja jina lake mwenyewe, ili sifa isipotee njia.

Mwanao