Meza ya Wakili

Mdogo wangu Wakili,

Salamu zimenikauka, kwa hiyo chukua habari. Paa la bweni limezibwa, mwalimu mkuu bado anasinzia vikaoni, na suti uliyokuja nayo siku ya taaluma bado inazungumzwa jikoni. Wapishi wanasema ilikuwa na adabu kuliko aliyeivaa.

Utaratibu wetu nilikueleza mapema: kila mgeni hukaa kwenye meza yake, na mwanafunzi huchagua mwenyewe meza ya kazi anayoitaka. Yako haikupata hata nzi; mwanao alikuwa ameketi kwa mpima ardhi. Basi ukapaza sauti ukumbi mzima ukasikia: "Wewe binti, toka kwa huyo mshika fimbo, njoo kwa baba yako!" Mpima ardhi wa watu akakunja ramani yake. Mwanao akaja, akaketi, akainamisha kichwa, nawe ukatabasamu kama aliyeshinda kesi. Kweli debe tupu haliachi kuvuma.

Wiki nzima mtoto alikula peke yake bwenini. Hukuambiwa kwa sababu hukuuliza.

Jana nilimsindikiza kwenye usaili wa ufadhili. Ameupata: chuo kikuu, upimaji ardhi, hadi amalize. Walipomuuliza nani alimsaidia kuamua, mimi mwalimu wa ushauri nikajiweka sawa kitini, nikingoja kutajwa.

Akajibu, "Ni baba. Nilipokaa kwenye meza yake, ndipo nilipojua nisikotaka kwenda."

Hongera, mshauri.

Dada yako,
ambaye bado analipwa kwa kazi hiyo