Mzee Alivyoitazama Filamu ya Clement

Woodbridge, Jumapili

Wifi yangu Leokadia,

Huku ughaibuni hatujambo. Baridi imepungua, na binti yetu Anitha ameng'oka jino. Baba yenu anakula vizuri, ingawa ndizi za huku anazisema sana.

Jana tulikwenda Manassas kutazama ile filamu ya kuchekesha ambayo vijana wametengeneza kuhusu kaka yako Clement, enzi zake za utangazaji wa redio Bukoba. Nilimsihi Mzee abaki nyumbani, akakataa. Unajua mume wangu alivyopata umaarufu: alimwigiza baba yake hewani, kikohozi na ubahili wake, mji mzima ukacheka. Tangu hapo Mzee hakumsemesha. Kila neno lilipitia kwangu.

Ilipofika sehemu hiyo, ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Clement akainamisha kichwa. Mzee akasimama, nikajua anaondoka.

"Huyu mwigizaji hajui kukohoa!" akasema kwa sauti. "Clement, mwonyeshe."

Clement akajaribu, kilio kikamzidi. "Nisamehe, Baba."

"Kohoa kwanza," Mzee akajibu, huku akicheka na kumshika bega.

Leo nimewaacha sebuleni wakibishana kuhusu mpira, kelele tupu, nami nimepata utulivu wa kukuandikia.

Wifi yako akupendaye,
Honorata