Mashine Isiyouliza "Mpo?"

Viwanja Sitini,
S.L.P. 217,
Ifakara.
3 Novemba 1996

Mpendwa kaka Faustino,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, pamoja na wifi Fausta na watoto. Je, kile kikohozi cha wifi kimepona? Na kazi ya bandarini inakwendaje?

Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo haujapata ugonjwa, na bado anasimamia jiko la kila mtu. Mume wangu Polycarp bado anatembea na fimbo yake. Mimi afya ninayo, utulivu ndio sina. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Kila nikiandika mistari miwili nasimama kwenda kuangalia uwanjani, kisha narudi nimesahau nilikuwa nasema nini.

Kilichoko uwanjani ni mashine. Unamkumbuka Nassib wa Kidatu, yule anayenunua vyuma vilivyochoka na kuvifufua? Ameniletea mashine ndogo iliyokuwa ikipakia miwa: magurudumu mawili makubwa mbele, kadogo kamoja nyuma, na mkono wenye makucha. Makucha yakishika gogo yamelishika. Wanaume wangu wa kazi wameiita Mkwe, kwa sababu kila mtu anaiheshimu kwa mbali.

Usinicheke. Kazi ya miti aliyotuachia baba imeniwia nzito. Kupunguza matawi yanayolalia mabati na kuangusha mijohoro mizee bado tunaweza. Kinachotushinda ni kuyatoa magogo. Watu watatu wamekwenda kwenye mashamba ya mitiki, na Raimundi, nguzo yetu, bega lake limeanza kugoma. Mvua zinakaribia, kila mwenye nyumba anataka mti wake uondoke leo, na mimi nazunguka na baiskeli kuomba radhi mji mzima. Nimechoka kuomba radhi.

Nassib hataki fedha. Anataka mbao za mvule alizoacha baba, zile zilizopangwa nyuma ya jiko. Nusu ya mbao hizo ni yako, ndiyo maana nakuandikia. Amenipa mashine niijaribu hadi Jumamosi tarehe 30. Siku hiyo atakuja na lori, ama apakie mbao, ama apakie mashine yake. Nilikubali kabla ya kukuuliza, na kwa hilo nisamehe. Unanijua, mimi kungoja sikujaliwa.

Sasa nikueleze la Jumatano, maana ndilo linaloninyima raha.

Tulikwenda Kisawasawa kutoa gogo la mkangazi kwenye uwanja wa mjane mmoja. Dereva ni Emanuel, mtu wa Njombe aliyeendesha mashine za namna hii miaka tisa kwenye miwa. Anaijua kazi yake, sina neno naye. Akalishika gogo, na kabla ya kulinyanyua akapiga honi. Kule kwenye miwa honi maana yake watu wakae mbali.

Kaka, wewe unajua watu wetu walivyofundwa. Tangu enzi za baba, gogo halinyanyuliwi mpaka mwimbishaji aulize "Mpo?", kila mtu aitike "Nipo" kwa zamu yake, ndipo atoe neno. Neno likishatoka, hakuna wa kubaki nyuma. Basi honi ilipolia, wale watu sita wakaiona ndiyo neno. Wakakimbilia chini ya gogo na mipiko yao ya kubebea, kuisaidia mashine. Gogo likapanda, likayumba, na Raimundi alikuwa chini yake anainua hewa.

Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Emanuel akazima injini. Gogo likabaki linaning'inia shubiri moja juu ya kichwa cha Raimundi, na Raimundi akatuuliza kwa upole kabisa, "Sasa mbona mmeacha?" Wengine walicheka. Mimi nilikaa chini kwenye maranda.

Tangu siku hiyo mashine haijatoka uwanjani. Nimewaeleza watu mara tatu kwamba honi ni ya kuwaondoa, si ya kuwaita. Wanaitikia ndiyo mama. Juzi nilimwambia Emanuel aipige bila gogo, niwajaribu. Watu wanne walishika mipiko. Mkono umezoea, kaka, hausikilizi maelezo. Emanuel naye ameniambia wazi, "Mama, mimi ng'ambo ya gogo sioni. Nipe mtu asimame mbele, ambaye hawa watamsikia. La sivyo nitaua mtu, halafu nirudi Njombe na jina baya."

Mtu wa kusikilizwa na wale ninamjua, nawe unamjua. Nimejaribu mimi, sauti yangu wameizoea kwa kuwagombeza. Amejaribu Raimundi, anaanza vizuri halafu anakimbilia gogoni na wenzake. Tangu uondoke hatujapata mwimbishaji wa kweli. Tunabeba kwa kubahatisha tu.

Najua kwa nini uliondoka. Miaka minane sasa tunaandikiana habari za mvua na za watoto, hakuna anayeligusa jambo lile. Leo naligusa. Gogo lilipouponda mguu wa Polycarp, alisema kwamba hakuitika, kwamba wewe ulitoa neno bila kumsikia. Watu wakaamini, na mimi mke wake nikaamini. Wewe siku ya kwanza ulisema ulimsikia. Siku ya tatu ulisema labda hukumsikia. Wiki ya pili ulipanda treni. Hata baba tulipomzika, ulituma rambirambi tu.

Polycarp alikuwepo Jumatano. Alikaa kwenye shina la mkangazi na fimbo yake, akaona walivyokimbilia chini ya gogo bila mtu kuwauliza. Tuliporudi nyumbani hakula. Siku ya pili yake aliniambia neno moja. Nilikasirika nikatoka nikaenda kwa miguu mpaka kivukoni na kurudi, na nilipofika nilikuwa bado nimekasirika. Mpaka leo nampakulia chakula na simsemeshi. Mama anauliza kuna nini, namwambia ni joto. Nimekataa kukuandikia neno lake kwa mkono wangu. Nimemwachia nafasi hapo chini, aliandike mwenyewe.

Nakuomba mambo mawili. La mbao, ukisema hapana, mashine itarudi na sitanung'unika, au nitanung'unika kidogo. La pili, njoo. Hata kwa wiki moja. Usimame mbele ya gogo uwaulize watu wetu kama wapo, na umwonyeshe Emanuel kwa mkono lini anyanyue. Wewe mashine za kunyanyua unazijua, na watu hawa unawajua. Mwingine mwenye vyote viwili simpati hata nikizunguka bonde zima. Ukishindwa kuja, nitumie telegramu, nisikae nazunguka uwanja kama kuku anayetaka kutaga. Usipokuja mashine nairudisha. Siwezi kumzika Raimundi kwa sababu ya haraka zangu.

Mama anakusalimu na kukuuliza kama huko wanakupikia wali au unga tu. Shangazi Justa wa Sanje anakusalimu, ametuma ndizi ambazo zingeiva njiani, kwa hiyo tumezila. Raimundi na wenzake wanasema shikamoo. Wasalimie wifi na watoto, waambie wana shangazi asiyetulia. Mungu akulinde kazini na njiani, na akutangulie katika kila hatua ya kurudi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja,
Agnella

Shemeji Faustino,
Siku ile niliitika. Nilisema nipo wakati mguu wangu ulikuwa bado haujakaa sawa, niliona aibu kuwachelewesha wenzangu. Ulinisikia vizuri.
Polycarp