Stika Niliyobandika Kabla ya Mvua

Jumanne. Mawingu yameshuka tangu asubuhi, na bado hayajanyesha.

Hamjambo wapendwa wangu mnaosomanga hapa? Mmeamkaje, na watoto je, na baridi hii? Mimi mwili ni mzima kwa neema ya Mungu. Moyo ndio haujatulia.

Mnajua kazi yangu hapa Sigalagala: naziba na kupima redio za mawasiliano zinazopelekwa mahali ambapo simu haishiki. Kipimo chetu cha mwisho ni mvua. Saa nane tunazipanga nje mezani, mvua ya Kakamega inazipiga mpaka ichoke, kisha tunafungua kuona kama maji yameingia. Iliyo kavu naibandika stika ya kijani na kutia sahihi yangu.

Siku moja, wiki chache zilizopita, nilikuwa na ibada ya akina mama. Nikabandika stika zote kumi na mbili mapema, nikaondoka. Mvua si itakuja tu? Lini imewahi kukosa?

Ilikosa.

"Mama Beti, jana hata mbingu zilikunywa chai zikalala!" Ayuma, tunayekaa naye benchi moja, alinitania kesho yake. Lori lilikuwa limeshaondoka na redio. Nikacheka naye. Mungu anisamehe, nilicheka.

Redio moja ilifika kwa Akiru, nesi aliye peke yake katika zahanati huko kaskazini. Kila siku saa mbili asubuhi alituita, na redio ya karakana iko mezani kwangu. "Mama Kakamega, mmeamka? Huku ni vumbi tupu, nitumie mvua kidogo!" Sijawahi kumwona, lakini tulizoeana hivyo.

Jumamosi hakutania. Alisema mvua imenyesha usiku kucha, ule mto mkavu umejaa, barabara imekatika na paa linavuja. "Nina mama hapa, uchungu umeanza na mtoto amelala vibaya. Nikishindwa nitawaita, mniombee ndege. Mama Kakamega, usiondoke hapo."

Sikuondoka. Hakuita tena.

Jumapili pia kimya. Bwana Wekesa, mkubwa wetu, akasema labda ni betri. Ayuma naye akanifariji: "Si stika yako iko juu? Basi hiyo ni nzima."

Hiyo stika ndiyo inanila.

Moja ya zile kumi na mbili ilibaki hapa kama akiba. Jana mchana nikaitoa nje, nikasimama nayo mvuani nikiomba. Nilipoifungua, maji yalinimwagikia mkononi.

Nikampelekea Bwana Wekesa ikiwa bado inadondoka, nikamweleza yote. Hakunikaripia. Aliitazama sahihi yangu, akakaa chini polepole.

"Kumi na moja ziko huko, Mama Beti," akasema. Basi.

Amewapigia watu wa ndege. Wanasema mawingu ya huko hayaruhusu kuruka.

Leo saa mbili nimeita jina lake mara nyingi. Kinachojibu ni mvumo tu, kama mvua ya mbali juu ya mabati.

Wewe unayesoma ukiwa upande ule, au uliye na ndugu anayeweza kumfikia nesi Akiru na yule mama kwa miguu, tafadhali nijibu upesi. Niko hapa mezani. Siondoki.