Rangi Mbichi ya Manowari

Kilindini, Mombasa

Shemeji Nekesa,

Salamu kwako na kwa watoto wote wa Kamukuywa. Manowari iliyo pichani ndiyo iliyosindikiza meli za mizigo vitani, na ndimo mumeo Wafula alimopika hadi wimbi lilipomchukua. Haitavunjwa, inapakwa rangi ili watu waje kuitazama. Jana niliutafuta ukuta wa jikoni alipochonga jina lake.

"Mzee, usishike, rangi mbichi," fundi akaniambia.

"Chini yake kuna jina la ndugu yangu."

"Basi shika taratibu."

Doa la kijivu pembeni mwa kadi limetoka ukutani hapo. Uliniandikia kwamba mtazika mgomba badala ya mwili wake. Uacheni uzae. Tangu treni ya Kitale ituchukue mimi na Wafula, sijalala kwetu tena. Zikeni kadi hii, na kando yake mniachie nafasi.

Shemeji yako,
Barasa