Tunda Ulilolizika kwa Jina Langu

Mwalimu Okelo, omera, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa mzima. Nimeona nianze na hilo kwa sababu kuna watoto kule China uliowaambia kwamba mimi nilikufa, na sikujua habari hiyo mpaka wewe mwenyewe ulipokufa. Hayo ni mambo gani kati ya marafiki?

Wiki ile baada ya mazishi yako, Mama Atieno alinipigia simu. Mkeo unamjua, salamu kwake ni kupoteza muda. "Fundi, hii kompyuta ya mwendazake inalia kila saa nane mchana. Nikifungua naona watoto wa Kichina wananipungia mkono, ati ticha, ticha. Mimi nitawaambia nini na Kizungu yangu ni ya kuuza nyanya? Kuja." Nikaacha kiatu cha mtu sindano ikiwa bado ndani, nikapanda boda mpaka kwenu Nyalenda.

Kazi yako hapa Dunga kila mtu aliijua. Kuandika ufahamu wa sayansi na viumbe kwa watoto wa China wanaojifunza Kiingereza, kisha kuwafundisha kwenye kompyuta: kifungu kifupi, maswali chini, chagua A, B, C au D. Kilichojulikana kidogo ni mahali vifungu vilipotoka. Mimi shule iliniacha mapema, au mimi ndiye niliyeiacha, tulikuwa hatuelewani. Lakini fundi wa viatu ana bahati moja: mikono ina kazi, macho hayana. Ulikuwa unakuja na chai yako kwenye chupa ya plastiki, unakaa kwenye benchi langu, unauliza, "Leo umeona nini?" Nakupa. Ndege mdiria anavyompigiza samaki kwenye tawi kabla ya kummeza. Samaki kamongo anavyojizika kwenye tope ziwa likirudi nyuma, tope likakauka, naye akalala humo kimya akingoja mvua. Unaenda kuandika, unarudi kunisomea, unanijaribu na maswali. Nikijibu kwa akili zangu unacheka mpaka benchi linatingishika. "Fundi! Jibu liko ndani ya kifungu. Usiniletee ya kichwani kwako."

Hiyo ndiyo sauti yako ninayoisikia mpaka sasa. Inanikera, na nikikosa kuisikia siku nzima inanikera zaidi.

Unakumbuka siku ya kamongo kwenye beseni? Ulinificha chini ya meza, nikawa namwinua samaki mbele ya kamera, watoto wanaona mikono tu. Yule mnyama alijipindua akaniingilia shatini, nikapiga kelele, na wewe ukawaambia watoto hiyo ni sauti ya kamongo. Wiki nzima tulicheka. Baada ya hapo ukawa unaniita kila mara: mikono ya Ochieng' na kaa, mikono ya Ochieng' na kiota cha kwera. Watoto wakataka kuuona uso. Ukaniambia, "Haiwezekani, bwana, sheria ya kampuni." Kisha siku moja ukasema kampuni imekataza hata wanyama hai, nisisumbuke tena kuja. Nikakuamini. Nilirudi kwenye soli zangu bila kinyongo.

Sasa nisikilize. Mchana ule niliketi kwenye kiti chako, mkeo amesimama nyuma yangu. Nyuso za watoto zikajaa kwenye kioo. Kulikuwa na msichana anayejiita Sunny, mvulana anayejiita Jerry, na mwingine mnene anayekula tambi muda wote, jina lake bado sijalisikia kwa sababu ya tambi. Nikakohoa. Kwa Kiingereza nilichookota kwenye magazeti ya kufungia viatu, nikasema, mimi ni Ochieng', rafiki wa mwalimu wenu.

Tambi zikaning'inia.

"Ochieng' alikufa," Sunny akasema. Hakuwa na ubaya. Alisema kama mtu anayekurekebisha hesabu.

Nikamwambia hapana. Akanifungulia kifungu, akakiweka mbele yangu kwenye kioo, ili nijisomee mwenyewe jinsi nilivyofariki.

Kilikuwa kifungu cha mti wa yago, yaani mwegea. Maua yake mekundu yanayofunguka jioni kuwangoja popo, hayo niliyaona mimi. Matunda marefu mazito yanayoning'inia kwenye kamba, hata ukiegesha baiskeli chini yake ni kujitakia, hayo ni maneno yangu. Halafu ukaandika kwamba watu wa ziwani, mtu wao akizama na mwili usipatikane, hulizika tunda la yago kaburini mahali pake, ili familia ipate pa kulilia. Na hilo nilikupa mimi pia. Nilikupa siku nilipokueleza habari za baba mdogo, aliyetoka Luanda Kotieno kwenda kutega nyavu na mtumbwi ukarudi peke yake. Nilikuwa kati ya waliolishusha lile tunda. Nilikueleza kwa sauti ya chini, kalamu yako ikiwa mfukoni. Sikujua kwamba masikio yako nayo yalikuwa yanaandika.

Ukamtoa baba mdogo majini, ukaniingiza mimi.

"Rafiki yangu Ochieng' aliingia ziwani asubuhi moja, hakurudi." Ndivyo ulivyowaambia. "Alimjua kila ndege kwa jinsi anavyotua. Hakuwahi kunidanganya kuhusu kitu chochote kilicho hai." Mwalimu, maneno hayo ningeyapenda sana kama ungeniambia pale kwenye benchi. Miaka yote ile uliniambia tu, "Fundi, chai imeisha." Sifa zangu nimekuja kuzisoma kwa watoto wa darasa la tano, chini yake kuna swali: Kwa nini wanakijiji walizika tunda? Wote walikuwa wamepata. Ulifundisha vizuri.

Niliinua mikono yangu mbele ya kamera. Nadhani nilitaka kujifunika uso. Lakini Sunny akaiona kucha ya kidole gumba, ile iliyopasuliwa na msharasi wangu wa kutobolea ngozi. "Ni mikono ile! Mikono ya kamongo!" Darasa zima likapiga kelele. Kelele zilipopoa, Jerry akauliza kwa heshima kabisa, "Bwana, wewe ni lile tunda?"

Nilipogeuka, Mama Atieno alikuwa amejifunika leso, mabega yanaruka. Alikuwa anacheka na kulia, na sikuweza kujua kipi ni kipi.

Basi nikawaambia lililonipeleka. Mwalimu wenu amefariki. Nililisema polepole ili nisikosee. Sunny akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Kisha akauliza, "Atarudi lini?"

Hapo ndipo uliponiumiza, Okelo. Kuniua, sawa, pengine ningekuja kukucheka. Lakini ulifanya kifo kiwe kitu ambacho rafiki wa mwalimu hurudi kutoka kwacho baada ya muda, na mimi ndiye niliyekuwa ushahidi. Kila siku saa nane niliingia, nikawaambia umekufa, nao wakaniangalia hivi nilivyo mzima, wakaendelea kukusubiri. Ulininyang'anya hata nafasi ya kuaminiwa nikisema sina wewe.

Na pale Ahero tulikokuzika, mbele ya jeneza lako, mimi nilipewa kipaza sauti nikasema hujawahi kunificha jambo. Watu wakaitikia. Mchungaji akaitikia.

Kwa nini ulifanya vile? Nimejiwekea majibu kama ya kwako. Labda uliona haya, mwalimu wa mtandao kuwa na fundi viatu chini ya meza. Labda watoto hawakuchoka kuuliza juu ya uso wangu nawe ukachoka kujibu. Labda kifo kinafanya kifungu kiwe kitamu. Na kuna jibu la nne, kwamba figo zako zilishaanza kuharibika, hukuniambia hilo pia, na ulitaka kuona watoto wanapokeaje habari ya mtu kufa, ukanitanguliza mimi nikupimie kina. Hilo nalichukia kuliko yote, kwa sababu linanifanya nikuonee huruma. Nimekisoma kifungu mara nyingi. Jibu halimo.

Juzi nikamwomba Mama Atieno ruhusa, tukaenda Ahero na simu yake. Saa nane ilipofika nikawaonyesha watoto mashamba ya mpunga, ndege yangeyange weupe wametulia, na ule udongo wa kaburi lako ambao bado haujashuka. Nikawaeleza jinsi kaburi lilivyokuwa linaingia maji, tukayachota kwa ndoo kwanza. Sunny akauliza, "Ndani kuna tunda au kuna mwalimu?"

Nikasema, "Mwalimu. Nilishika upande wa miguu. Tunda haliwi zito hivyo."

Jerry akazima kamera yake. Yule wa tambi akaanza kulia, mdomo umejaa. Sunny hakuuliza la lini tena. Nilikuwa nimetaka sana waamini, na walipoamini nikajikuta nakuzika mara ya pili, safari hii bila watu wa kunisaidia kubeba.

Bado nimekukasirikia. Usidhani barua hii ni ya kupatana. Lakini vipindi vyako nitavimalizia, uso wangu ukionekana wote. Kifungu cha yago nimekiacha kama kilivyo, ila jina nimelibadilisha. Baba mdogo amerudi mahali pake. Na siku nikiandika cha kwako, nakuahidi utakuwa umekufa kweli, nami nitakuwa hai, na yale mazuri uliyoyaficha kwenye maswali nitayasema wazi.

Kesho tunasoma kamongo, anayelala kwenye tope akaamka mvua ikinyesha. Najua mtoto gani ataninyooshea mkono na najua ataniuliza nini. Nitamwambia kile ni kifungu cha samaki.

Kwa hiyo lala, Mwalimu. Mvua ya Kano huko Ahero ikianza, ardhi yako ikilainika, wewe lala. Usirudi, utanifanya niwe mwongo, na darasa lile lilishakuwa na mmoja.

Aliye hai,
Ochieng', fundi wa viatu